Mashine ya presha, kipimajoto, oksimita au saa: kipi kwanza kwa mgonjwa wa nyumbani Lamu?

Kama fedha zilizopo zinatosha kifaa kimoja tu, nunua mashine ya presha ya kufunga juu ya kiwiko, yenye mkanda unaoenea mkono wa mgonjwa wako. Zikitosha viwili, ongeza kipimajoto cha dijitali cha kwapani. Cha tatu huenda unacho tayari: saa yenye mshale wa sekunde. Oksimita, ile klipu ya kidoleni iliyojulikana na kila mtu wakati wa korona, naiweka ya nne. Mashine ya presha ya kifundo cha mkono, pamoja na kipimajoto cha kuelekeza kwenye paji la uso, naviweka mkiani.

Najua mpango huu hautawapendeza wengi, maana hivyo viwili vya mkiani ndivyo jamaa wanaotoka Mombasa na Arabuni hupenda kuwaletea wazee zawadi. Ni vidogo, vinang'aa, na kuvitumia hakuhitaji mafunzo. Tatizo lake ni kwamba hutoa namba hata pale ambapo namba haikustahili kutoka.

Ninapopanga hivi ninawafikiria watu watatu. Yuko binti wa Langoni anayemuuguza mamake aliyepata kiharusi. Yuko mhudumu wa afya wa jamii kule Faza, mwenye mkoba wa vifaa kama ile iliyogawiwa wahudumu nchini mwaka 2023. Na yuko mwanafunzi wa uuguzi wa KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba, hapa Lamu anayetaka kujua atumie posho yake kwa kipi. Wote watatu wanapima mambo yale yale matano: joto, mapigo ya moyo, pumzi, presha na oksijeni ya damu. Lakini kifaa kinachomfaa mmoja chaweza kumpotosha mwenzake, na kwetu visiwani kupotoshwa kuna gharama yake. Kutoka Kizingitini hadi Hospitali ya King Fahd ni safari ya boti, na msimu wa kusi bahari haina huruma kwa mgonjwa. Namba iliyopanda kwa uongo humtoa bibi kitandani na kumpeleka baharini bure. Iliyoshuka kwa uongo humbakisha nyumbani mpaka maji yamekupwa na boti haiondoki.

Presha: ya kiwiko, ya kifundo, au ya kusikiliza

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mashine ya betri ya juu ya kiwiko unaijua: unafunga mkanda, unabonyeza, inajaza hewa, inaiachia, inaandika namba. Haisikilizi chochote. Inahisi mtikisiko wa mshipa kupitia hewa iliyomo mkandani, kisha inakokotoa namba ya juu na ya chini. Ya kifundo hufanya kazi hiyo hiyo kwa umbo dogo. Ya tatu ni ya mshale, ambayo muuguzi huipuliza kwa mpira wa mkononi huku akisikiliza mshipa wa kiwiko kwa stethoskopu. Ndiyo kongwe kuliko zote: mkanda wenyewe ulibuniwa na Mwitaliano Scipione Riva-Rocci mwaka 1896, na njia ya kusikiliza ikaelezwa na daktari Mrusi Nikolai Korotkov mwaka 1905.

Wauguzi wa zamani huapa kwa hii ya mshale, na wana haki yao. Haidai betri. Mgonjwa ambaye moyo wake unadunda bila mpangilio huivuruga mashine ya betri, na aliyepoteza damu nyingi huifanya ikatae kabisa kutoa jibu. Sikio lililofunzwa bado litapata kitu. Lakini angalia linavyodai sikio hilo. Unashika mapigo ya kifundo huku ukipuliza mpaka yapotee, unaongeza 30 juu yake, kisha unaachia hewa polepole, mshale ushuke 2 au 3 kwa sekunde. Sauti ya kwanza ni namba ya juu, na pale sauti inapotoweka ndipo namba ya chini. Mwenye haraka huachia hewa kwa mkupuo, akapitwa na sauti ya kwanza, na presha ya mgonjwa ikaonekana ndogo kuliko ilivyo.

Halafu kuna ugonjwa wa kukadiria. Fungua daftari lolote la presha lililoandikwa kwa mashine ya mshale uone jinsi 120/80, 130/80 na 140/90 zilivyojipanga. Moyo wa binadamu haujui kumi wala ishirini. Sahani ya mshale ina mistari ya mbili mbili, na macho yetu hupenda kutulia kwenye sufuri. Mashine ya betri haina muhali: ikikuta 137/86 itaandika 137/86.

Tena mashine ya mshale ikianguka mara moja tu yaweza kupotoka bila kuonyesha jeraha. Walau kabla ya kupuliza hakikisha mshale umekaa juu ya sufuri. Usipokaa, iweke kando. Inatakiwa ihakikiwe kila baada ya miezi sita hivi, na fundi wa kazi hiyo humpati Siyu wala Matondoni. Kwa hiyo kwa mwanafunzi wa uuguzi nasema ndiyo, nunua, ujifunze, hiyo ni elimu ya maisha. Kwa binti wa Langoni nasema hapana.

Ya kifundo ina mvuto ambao siubezi. Bi mkubwa aliyevaa buibui hahitaji kufunua mkono mzima, na mzee wa kanzu hakunji kitu. Ila kifundo lazima kiwe usawa wa moyo. Kila sentimita 10 kikishuka chini ya moyo, namba hupanda kwa 7 au 8. Mtu aliyekaa na kuweka mkono pajani, kifundo chake huenda kiko sentimita 20 chini. Mwenye 128 ya kweli ataandikiwa 143, na wiki ijayo anameza vidonge asivyovihitaji. Ninaikubali kwa mtu mmoja tu: yule ambaye mkono wake wa juu ni mnene kiasi kwamba hakuna mkanda unaomtosha. Hata yeye aukunje mkono kifuani juu ya mto, kifundo kikae usawa wa moyo, asiuning'inize.

Imebaki ya kiwiko, nayo si kila ya kiwiko. Tazama mkanda kabla ya kutazama kioo. Pembeni mwake pameandikwa mzingo unaoufaa, mara nyingi sentimita 22 hadi 32 kwa ule wa kawaida na 32 hadi 42 kwa mkubwa. Chukua futi ya fundi cherehani, zungusha katikati ya bega na kiwiko cha mgonjwa, usome. Anayehitaji mkanda mkubwa akafungwa wa kawaida, presha yake ya juu huongezeka karibu 5. Anayehitaji ule mkubwa zaidi akafungwa wa kawaida, huongezeka karibu 20. Kikongwe aliyekonda hupata kinyume: mkanda humpwaya, na namba hushuka. Ukiulizwa dukani unataka mashine ipi, jibu na sentimita zako mkononi.

Pili, uliza jina na namba ya toleo, kisha litafute kwenye orodha ya STRIDE BP mtandaoni. Orodha hiyo inataja mashine zilizojaribiwa kwa watu na kulinganishwa na kipimo cha wataalamu. Boksi zuri lenye picha ya daktari anayetabasamu halithibitishi chochote. Tatu, fikiria chumvi ya hewa yetu. Vichwa vya betri hushika kutu upesi, basi mashine isiyotumika kila siku itolewe betri, na inayoweza kutumia waya wa chaja ya simu ina faida.

Sasa, mashine bora ikipimia mtu aliyekaa vibaya haina tofauti na mbovu. Mzee ametoka barazani alikokunywa kahawa tungu vikombe vitatu. Msubiri nusu saa. Aliyekula miraa au kuvuta sigara vivyo hivyo. Aende msalani kwanza, kwani kibofu kilichojaa hupandisha presha. Akae kitini dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili chini, miguu isipishane, mkono juu ya meza. Na akae kimya. Hapa kwetu ndipo penye mtihani, kwa sababu salamu za Kiamu zina sura nyingi: hujaulizia watoto, hujaulizia nyumba, hujaulizia waliosafiri. Kuzungumza huku mkanda umejaa hewa kwaweza kupandisha namba kwa 10. Mhudumu mmoja wa Pate ana utaratibu ninaoupenda. Huingia, husalimia mpaka salamu ziishe, kisha husema, "Ami, sasa tunyamae kidogo, mashine yataka kimya," na mzee huielewa heshima ile bila kinyongo.

Mkanda ufungwe juu ya ngozi. Mkono wa kanzu ukikunjwa mpaka juu hubana kama kamba. Heri autoe mkono nje kupitia shingoni. Kwa bibi, tafuta chumba cha ndani na mpimaji mwanamke. Mara ya kwanza pima mikono yote miwili, na tangu hapo tumia ule uliotoa namba kubwa. Pima mara mbili kwa nafasi ya dakika moja, uandike zote.

Na namba zenyewe? Kliniki huhesabu kwamba presha imepanda kuanzia 140/90, ikirudiwa siku tofauti. Nyumbani, ambako moyo umetulia, mstari hushuka hadi 135/85. Pima asubuhi na jioni kwa wiki nzima, uache nje namba za siku ya kwanza, uchukue wastani wa zilizobaki. Ikiwa 180/120 au zaidi pamoja na maumivu ya kifua, macho kufifia, kuumwa sana na kichwa au upande mmoja kulegea, hiyo ni dharura ya saa ile ile. Ikiwa kubwa hivyo bila dalili yoyote, mpumzishe, rudia, mpigie muuguzi; usimwongezee vidonge kwa hofu yako.

Mama mjamzito ni habari nyingine

Mashine nyingi za kawaida hazikujaribiwa kwa wajawazito, na mishipa yao hujibu tofauti. Mhudumu wa visiwani anayefuatilia waja wazito atafute toleo lililothibitishwa kwao. Kiko kifaa kinachoitwa CRADLE VSA, kilichotengenezwa makusudi kwa nchi zenye uhaba: hupuliziwa kwa mkono, huchajiwa kama simu, na huwasha taa ya kijani, manjano au nyekundu. Taa hizo hazitazami presha peke yake. Zinagawanya pia mapigo kwa namba ya juu ya presha. Mama aliyejifungua akiwa na mapigo 108 na presha ya juu 110, jawabu ni karibu 1, na kuanzia 0.9 ni ishara ya kuangalia damu anayopoteza, ingawa kila namba peke yake ingepita bila kutazamwa. Asiye na kifaa hicho anaweza kufanya hesabu hiyo kwa simu.

Baada ya wiki 20 za ujauzito, 140/90 haingojwi kesho. Ikifika 160/110, boti iitwe.

Joto

Zebaki ilitutumikia vizuri, ila muda wake umekwisha. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka 2020 kuwa mwaka wa kukomesha utengenezaji na biashara ya vipimajoto vya zebaki, kwa sababu ya sumu yake. Ukiwa nacho bado nyumbani, usikitupe jaani wala baharini. Kipeleke kituo cha afya. Kikivunjika fungua madirisha, watoe watoto, na usifagie, kwani ufagio husambaza vitone.

Ushindani uliobaki ni wa kijiti cha dijitali na kile cha paji la uso. Cha paji husoma joto linalotoka kwenye ngozi, na ngozi ya Lamu ina mambo mengi ya kusema. Mtoto aliyetoka kucheza juani forodhani atasomeka ana homa. Aliyeloa jasho, au aliyelala chini ya feni, atasomeka mzima huku ndani anaungua. Hufaa mlangoni pa shule, kupepeta watu mia. Kwa mgonjwa mmoja kitandani hakinishawishi. Ukilazimika kukitumia, mkalishe mtu kivulini dakika 15 hadi 30, mpanguse jasho, usimame umbali ulioandikwa kwenye boksi.

Kijiti cha kwapani ni cha bei ndogo na hakina maringo. Kausha kwapa, ncha iguse ngozi katikati kabisa, mkono ushushwe na kubanwa mpaka kilie. Wengi hukitoa mapema. Kwapa husoma chini kidogo ya mdomo, kwa kukadiria nusu digrii, kwa hiyo andika daima ulipimia wapi; 37.6 ya kwapani na 37.6 ya mdomoni si habari moja. Mwezi wa Ramadhani kwapa hupata faida nyingine, maana wengi hawapendi kuwekwa kitu mdomoni wakiwa na saumu. Kwa mtoto chini ya miaka mitano, kwapa ikifika 37.5 tunahesabu ana homa, na mwenye homa apimwe malaria kwa damu. Tusikisie kwa kumgusa shingo. Kiganja cha mama kina thamani, ila kinajua zaidi kusema "hana homa" kuliko kusema anayo.

Usisahau upande wa chini. Mzee mwenye maambukizi makali, au mtoto mchanga, anaweza kushuka badala ya kupanda. Joto la 35 kwa kikongwe aliyeacha kula lanitisha kuliko 38.5 kwa kijana anayelalamika.

Saa dhidi ya oksimita

Hapa ndipo ninapobishana na watu. Oksimita ni kifaa cha ajabu. Mjapani Takuo Aoyagi aliibuni njia yake mwaka 1974, na hadi leo hufanya vile vile: hupitisha mwanga mwekundu na ule usioonekana kidoleni, ikapima damu imebeba oksijeni kwa kiasi gani. Usawa wa bahari kama hapa, mtu mzima wa afya husoma 95 hadi 100. Chini ya 90 ni dharura. Kwa nini basi niitangulize saa?

Kwa sababu pumzi hubadilika mapema. Nimonia, maambukizi ya damu, kutokwa damu kwa ndani, sukari iliyopanda mpaka damu ikawa na asidi: katika yote hayo mwili huanza kupumua haraka ili kufidia. Ukimfunga oksimita wakati huo utasoma 97 na kufurahi, ilhali mgonjwa anavuta pumzi 32 kwa dakika kuilinda hiyo 97. Akichoka ndipo namba ya kidole inaporomoka, na wewe umebakiwa na muda mfupi. Na bado pumzi ndicho kipimo kinachodharauliwa kuliko vyote. Wodi ngapi utaona kila mgonjwa kaandikiwa 18 au 20, kana kwamba wamekubaliana!

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Hesabu dakika nzima. Ukihesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne, kosa la pumzi moja linakuwa kosa la nne. Usimwambie unahesabu, maana ataanza kupumua kwa adabu. Shika kifundo kana kwamba bado unahesabu mapigo, macho yako yawe kifuani. Mtoto ahesabiwe akiwa ametulia au amelala, shati limepandishwa. Shirika la Afya Duniani limeweka mipaka rahisi: chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni haraka, miezi 2 hadi 11, ni 50, mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5, ni 40. Tazama pia kama kifua chini ya mbavu kinaingia ndani anapovuta. Hilo halina kifaa chake zaidi ya jicho lako.

Simu ina saa, wataniambia. Ina. Ila kioo hujizima pumzi ya ishirini na tano, na ujumbe huingia. Saa ya mkononi ya bei rahisi haina fitina hiyo.

Mapigo nayo yahesabiwe kwa vidole, hata kama mashine ya presha imeshayaandika. Mtu mzima ni 60 hadi 100. Mashine itakupa kasi. Vidole vitakwambia kama yanarukaruka, kama ni dhaifu, kama ngozi ni ya baridi. Yakiwa hayana mpangilio, hesabu dakika nzima, na ujue kwamba presha ya betri ya mtu huyo si ya kutegemewa sana. Chukua vipimo vitatu upate wastani.

Turudi kwa oksimita, maana sijaikataa. Kwa mgonjwa wa pumu, wa moyo, au wa mapafu anayetumia mtungi wa oksijeni nyumbani, inunue leo. Lakini uyajue mambo yake. Kwanza ngozi nyeusi: kifaa hiki hupenda kuipa ngozi yetu namba ya juu kuliko ukweli. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulikuta upungufu uliofichika namna hiyo ulikuwa karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko weupe. Kwa hiyo 92 kwangu mimi si namba ya kupumulia. Naichukua kama onyo.

Pili ni arusi. Hina nyekundu kwa kawaida haizuii mwanga, lakini piko, ile nyeusi ya bibi harusi na mashoga zake, yaweza kuuzuia kabisa kifaa kikatae kusoma. Rangi ya kucha pia, hasa nyeusi na buluu. Tafuta kidole kisichopakwa, na kama vyote vimepambwa jaribu ndewe ya sikio kwa klipu iliyotengenezewa sikio. Mikono ya baridi au inayotetemeka husoma ovyo. Njia ya kuikagua ni nyepesi: linganisha mapigo inayoonyesha na uliyohesabu kwa vidole. Yakitofautiana, namba ya oksijeni nayo usiiamini.

Tatu, na hili husahauliwa hata na waliosoma, kifaa husema asilimia ya damu iliyobeba oksijeni. Hakisemi damu ni nyingi au chache. Mama aliyeishiwa damu atasoma 99 huku mwili wake una njaa ya oksijeni. Na aliyelala chumba kilichofungwa na jiko la makaa atasoma vizuri pia, kwa sababu kifaa hakitofautishi damu iliyobeba sumu ya moshi wa makaa na iliyobeba oksijeni. Huyo mtoe nje, mkimbize hospitali, namba ya kidole iache ilipo.

Namba tano zikisomwa pamoja

Hata ukinunua vifaa vyote, kuna tofauti kati ya kusoma namba moja na kuzisoma tano. Uingereza wana utaratibu uitwao NEWS, uliotolewa na chama cha madaktari, Royal College of Physicians, mwaka 2012 na kuboreshwa 2017, unaokipa kila kipimo alama kutoka 0 hadi 3 kadiri kinavyoachana na kawaida. Si wa watoto chini ya miaka 16, wala wajawazito. Lakini kwa mtu mzima unafundisha jicho.

Chukua mzee ambaye siku zote presha yake ni 150 na kitu. Leo ni 104/68. Nyumba nzima inashukuru: presha imeshuka, alhamdulillahi. Sasa weka na zilizobaki. Joto 38.2, alama 1. Mapigo 112, alama 2. Pumzi 24, alama 2. Oksijeni 95, alama 1. Na ile presha iliyofurahisha, 104, alama 1. Ufahamu wake, ambao nao huhesabiwa, bado mzuri, sufuri. Hakuna hata namba moja inayopiga kelele, lakini jumla ni 7, na kwa utaratibu ule 7 ni dharura. Binti aliyenunua mashine ya presha pekee angempikia uji. Mwenye mashine, kijiti cha kwapani na saa angefika alama 6 bila oksimita, na 5 tayari zinatosha kuita mtaalamu haraka.

Ndiyo maana nikampa mhudumu wa Faza ushauri tofauti kidogo. Mkoba wake una mashine ya presha na kipimajoto tayari. Fedha zake aziweke kwenye mkanda mkubwa wa ziada, saa, na betri za akiba, kisha oksimita. Mwanafunzi aanze na stethoskopu nzuri na saa, kwani mashine atazikuta kazini. Binti wa Langoni ninamwachia mpango wa mwanzo kama ulivyo, pamoja na daftari la kurasa mia.

Daftari liandikwe saa, mkono uliopimwa, alikuwa amekaa au amelala, na dawa amemeza saa ngapi. Mwezi wa Ramadhani ongeza kama ilikuwa kabla ya futari au baada ya daku, maana kukosa maji mchana hushusha presha na kupandisha mapigo, na daktari anaweza kutaka kubadili saa za dawa. Unapopiga simu kituoni, anza na namba za leo, kisha za kawaida yake, kisha umeanza kuona mabadiliko lini. Nahodha aambiwe mgonjwa anaweza kukaa au lazima alale, ili ajue aandae boti gani.